Sini, kosini na tanjenti ndani ya PLC: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mafundi wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu nimewaandikia mafundi ninaokutana nao kati ya Moshi na Arusha: waliosomea umeme VETA, waliotoka chuoni na diploma, na wale waliojifunzia kazini chini ya fundi mkubwa. Maswali ni yenu. Mengine yamekuja kwa simu, mengine kwa picha ya skrini iliyotumwa saa tano usiku, mengine tukiwa tumesimama mbele ya paneli iliyo wazi. PLC ninayoitaja ndiyo ile kompyuta ndogo ya ndani ya paneli inayoendesha mitambo. Sikuyapanga kwa ugumu. Nimeyapanga jinsi yanavyozoea kuja.

Mimi ni fundi umeme. Trigonometria ya shuleni inanihusu nini kazini?

Inakuhusu pale kitu unachokipima kimelala, kimeinama au kinazunguka. Tangi la dizeli la jenereta lililolazwa ubavu. Mfongo, yaani mfereji wa maji ya mlimani, unaoshuka shambani Machame, umewekewa kizuizi chenye mkato wa V ili maji yapimwe. Paneli za sola zinazofuata jua. Hata cos φ (uwiano wa kW kwa kVA) unayoiona kila siku kwenye mita ya paneli kuu ni kosini ileile ya darasani.

Sensa hukupa kimo au pembe. Mwenye kiwanda anataka lita, kilo au kilowati. Kazi yako ni kutoka kwenye kile cha kwanza kwenda kwenye kile cha pili, na mara nyingi njia inapita kwenye pembetatu.

PLC yangu ina maagizo gani ya aina hii?

Kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC, IEC 61131-3, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1993, kinataja SIN, COS na TAN pamoja na kinyume chake: ASIN, ACOS na ATAN. Toleo la 2013 liliongeza ATAN2, nami nitairudia huko chini kwa sababu inaokoa watu. Siemens S7-1200 na S7-1500 wanatumia majina hayohayo sita ya mwanzo. Allen-Bradley kwenye leda (programu ya mchoro wa ngazi) wamefupisha zile za kinyume kuwa ASN, ACS na ATN, na wakaongeza mbili zenye manufaa: RAD ya kugeuza digrii kuwa radiani, na DEG ya kurudisha.

Siemens LOGO!, ambayo wengi mnayo kwenye pampu za visima, haina hata moja. Bloku yake ya hesabu inajumlisha, inatoa, inazidisha na inagawanya namba kamili, basi. Kwa hiyo kama una LOGO!, ruka hadi swali la mtu asiye na maagizo haya.

Nimeandika SIN ya 30 na nimepata −0.988. Shuleni tuliambiwa ni 0.5. PLC imeharibika?

Haijaharibika. Umeipa 30 ukimaanisha digrii, yenyewe imesoma radiani 30. Karibu PLC zote kubwa hufanya hivyo. Zidisha digrii zako kwa π kisha gawanya kwa 180, au kwa kifupi zidisha kwa 0.01745329, ndipo uingize kwenye SIN. Ukitoka kwenye ASIN, ACOS au ATAN, jibu lako pia ni radiani; lizidishe kwa 57.29578 kupata digrii.

Ninaomba ukariri ile −0.988 kama unavyokariri rangi za waya. Pamoja nayo kariri hizi: SIN ya 90 bila kugeuza inatoa 0.894, COS ya 45 inatoa 0.525, TAN ya 45 inatoa 1.62. Siku ukiziona kwenye skrini, utajua kosa liko wapi bila kumpigia mtu simu.

Kosa hili lina hatari moja: halileti kengele wala taa nyekundu. SIN ya radiani 30 ni hesabu halali kabisa. PLC inaendelea kukimbia, jibu linaendelea kutoka, na 0.894 inaonekana kama sini ya kweli kwa yeyote asiyekumbuka kwamba sini ya digrii 90 ni 1.

Radiani ni nini hasa? Mwalimu alipita haraka hapo.

Chukua ndoo ya lita 20 na kamba. Pima kutoka katikati ya mdomo wa ndoo hadi ukingoni. Huo ndio nusukipenyo. Kata kamba yenye urefu huohuo, kisha ilaze juu ya ukingo uliopinda. Pembe inayotokea katikati, kati ya mwanzo na mwisho wa kamba, ni radiani 1. Ni digrii 57.3 hivi. Kuzunguka ukingo wote unahitaji kamba kama hizo 6 na kipande kidogo, yaani 2π, ambayo ni 6.283.

Faida yake utaiona kwenye konveya: pembe ya roda kwa radiani ukiizidisha kwa nusukipenyo chake unapata moja kwa moja umbali mkanda ulioenda. Hakuna 360 wala 180 ya kukumbuka.

Pi niandike tarakimu ngapi? 22/7 haitoshi?

Namba ya aina ya REAL, yaani yenye desimali, ina biti 32 na hubeba tarakimu kama 7 zenye maana. Andika 3.141593 na umemaliza. Ukiongeza nyingine, PLC itazitupa. Kama una LREAL ya biti 64, andika 3.14159265358979.

22/7 ya shule ya msingi ni 3.142857. Imezidi kwa asilimia 0.04. Kwenye mzunguko mmoja mzima hiyo ni kama digrii 0.14, na kwa tangi la maji hutaiona. Lakini kwenye roda inayozunguka kutwa nzima, kosa linajumlishwa kila mzunguko. Baada ya mizunguko 1,000 umekosea zaidi ya digrii 140. Iache 22/7 kwenye daftari la darasa la saba.

Jibu langu la SIN ni 0 tu, au 1 tu. Halina kitu katikati.

Umelihifadhi kwenye INT, aina ya namba kamili tu. Sini na kosini huishi kati ya −1 na 1, na namba kamili zilizopo humo ni tatu tu. Mahali pa kuhifadhia pawe REAL, na kila kitu kinachoingia kwenye hesabu kiwe REAL tangu mwanzo. Kwenye Siemens, ishara ya analogi hukufikia kama namba kamili kutoka 0 hadi 27648. Igeuze kuwa REAL kwanza ndipo ugawanye. Ukigawanya ingali INT, desimali zimeshapotea na hakuna agizo litakalozirudisha.

Tangi limelala. Sensa inaonyesha robo ya kimo, lakini lita kwenye skrini ni nyingi kuliko zilizopo. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, nami nina deni nalo, kwa hiyo nitakaa hapa.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwekewa kazi ya kusoma tangi la maziwa, silinda iliyolala, katika kiwanda kidogo nje ya mji wa Arusha. Nilifanya nilichokuwa najua: kimo sifuri ni lita sifuri, kimo cha juu ni lita zote, katikati mstari ulionyooka. Skrini ilipendeza. Mzee aliyekuwa anapokea maziwa alikuwa na kijiti chake cha chuma cha pua, chenye alama zilizochongwa kwa msumeno, na kila asubuhi kijiti chake kilibishana na skrini yangu. Watu waliiamini skrini. Mzee hakugombana na mtu. Siku moja alinishika mkono akanionyesha zile alama: chini zimeachana, katikati zimesongamana, juu zimeachana tena. "Tazama tumbo la tangi, kijana wangu," akaniambia. "Chini ni jembamba, katikati limejaa."

Kijiti kile kilikuwa na kosini kinyume ndani yake, imechongwa kwa kumimina lita 50, kuweka alama, kumimina tena. Hesabu yake ni hii. Tuseme R ni nusukipenyo, L ni urefu wa tangi, h ni kimo cha maziwa, vyote kwa mita (LIMIT huibana namba ndani ya mipaka, SQRT ni kipeo cha pili):

h := LIMIT(0.0, h, 2.0*R);
x := LIMIT(-1.0, (R - h)/R, 1.0);
eneo := R*R*ACOS(x) - (R - h)*SQRT(2.0*R*h - h*h);
lita := eneo * L * 1000.0;

Chora duara kwenye karatasi, chora mstari wa maziwa, kisha unganisha katikati ya duara na ncha mbili za mstari huo. Umepata kipande kama cha chapati iliyokatwa, na ndani yake pembetatu. Sehemu ya kwanza ya kanuni, yenye ACOS, ni eneo la kipande chote. Sehemu ya pili, yenye SQRT, ni pembetatu inayoondolewa. Kinachobaki ni maziwa. Maziwa yakipita nusu ya tangi, (R − h) inakuwa hasi na pembetatu inaongezwa badala ya kuondolewa. Kanuni inajiendesha yenyewe, huhitaji kuandika masharti mawili.

Sasa weka namba. Tangi lenye R ya mita 1 na L ya mita 4 hubeba lita 12,566. Kimo kikiwa mita 0.5, yaani robo, mstari ulionyooka unasema lita 3,142. Kanuni inasema 2,457. Tofauti ni lita 685 za maziwa ambayo hayapo. Kimo kikiwa sentimita 10 tu, mstari unasema 628 na ukweli ni 235. Kwenye nusu kamili wote wanakubaliana, na hapo ndipo wengi wetu hujaribu, tukaridhika, tukafunga paneli.

Mambo matatu yaliyoniumiza baadaye. Matangi mengi yana ncha zilizobinuka kama bakuli, na kanuni hii inahesabu silinda peke yake. Lita za ncha ziongeze kwa kupima. Tangi la maziwa huinamishwa kidogo ili limwagike lote wakati wa kuosha, kwa hiyo mahali ulipofunga sensa panabadilisha jibu. Na kama sensa yako inapima kwa presha chini ya tangi, kumbuka maziwa ni mazito kuliko maji kwa takribani asilimia 3. Ukiweka uzito wa maji, kimo chenyewe kitakuwa kimedanganya kabla hujafika kwenye ACOS.

Nilipomaliza kurekebisha nilikwenda na yule mzee tukalinganisha na kijiti, alama kwa alama. Tangu siku hiyo sikabidhi tangi kabla ya kulilinganisha na kijiti cha mtu.

Jibu la ACOS linaandikwa NAN, na baada ya hapo kila kitu kinaandikwa NAN. Nifanyeje?

ASIN na ACOS hukubali kitu kilicho kati ya −1 na 1 tu, kwa sababu hakuna pembe ambayo kosini yake ni 1.2. Mara nyingi huwa hujaipa 1.2, umeipa 1.0000001, iliyotokana na mviringisho wa desimali au sensa iliyopanda kidogo juu ya kipimo chake. Jibu linalorudi ni NAN, maana yake "hii siyo namba". NAN ina tabia mbaya ya kuambukiza: ukiijumlisha na 5 ni NAN, ukiizidisha ni NAN, na ukiiingiza kwenye jumla ya siku, jumla yote imekufa hadi mtu aifute kwa mkono.

Dawa ni LIMIT uliyoiona kwenye kanuni ya tangi. Iweke kabla ya kila ASIN, ACOS na SQRT, hata kama una uhakika. Na kama unataka kuikamata NAN iliyokwisha ingia, linganisha namba na yenyewe: kwa kanuni za namba za desimali, NAN ndiyo pekee isiyolingana na nafsi yake. Ndiyo maana pia sharti la "kama kimo kimezidi 90, zima pampu" halitimii kimo kikiwa NAN. Pampu inaendelea kusukuma. Lifikirie hilo kabla ya kuniambia LIMIT ni kupoteza mistari.

ATAN na ATAN2 zinatofautianaje?

ATAN hupokea uwiano mmoja, y kwa x. Ukigawanya, umepoteza habari: 1 kwa 1 na −1 kwa −1 zote ni 1, ingawa moja inaelekea kaskazini mashariki na nyingine kusini magharibi. ATAN hujibu kati ya −90 na 90 tu, nusu ya dunia. ATAN2 hupokea y na x zikiwa mbili, inatazama alama ya kila moja, na inakupa pembe kwenye duara lote. Pia haishtuki x ikiwa sifuri.

Tahadhari kwa wanaojaribu hesabu kwenye Excel kwanza, jambo ambalo ninalipenda: Excel inataka x kwanza kisha y. IEC inataka y kwanza. Nimeona mtu akipoteza siku mbili hapo.

Kama PLC yako haina ATAN2, andika bloku yako: x ikiwa chanya tumia ATAN(y/x), x ikiwa hasi, ongeza π kama y ni sifuri au chanya, ondoa π kama y ni hasi, x ikiwa sifuri, jibu ni π/2 au −π/2 kwa kufuata alama ya y.

Nataka paneli zifuate jua hapa Arusha. Nianzie wapi?

Anza na saa. Arusha iko kwenye longitudo 36.68 mashariki, lakini saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye longitudo 45. Kila digrii ni dakika 4, kwa hiyo jua la Arusha liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 33. Jua linafika kilele kwa wastani saa 6:33 mchana, na katika mwaka linasogea kati ya saa 6:17 mwanzoni mwa Novemba na saa 6:47 katikati ya Februari. PLC inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa 6:33 yetu ya mchana ni 12:33 yake. Naandika hivi kwa sababu nimeona programu iliyokosea kwa saa sita kamili: aliyetoa maelezo alisema saa kwa Kiswahili, aliyeandika akazinakili.

Kisha tafuta mteremko wa jua, δ, yaani pembe ya jua kutoka ikweta, kwa siku ya mwaka n:

δ = 23.45 × SIN(360 × (284 + n) / 365)

Pembe iliyo ndani ya SIN hapo ni digrii, igeuze. Pembe ya saa, H, ni digrii 15 kwa kila saa kutoka kilele cha jua, hasi asubuhi, chanya jioni. Latitudo φ ya Arusha ni −3.37; alama ya hasi ni kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Ukiisahau, umehamisha mradi wako hadi kaskazini mwa Nanyuki, Kenya. Sasa pata vipande vitatu:

juu = SIN φ × SIN δ + COS φ × COS δ × COS H
mashariki = −COS δ × SIN H
kaskazini = COS φ × SIN δ − SIN φ × COS δ × COS H

ASIN ya "juu" ni kimo cha jua. ATAN2 ya mashariki na kaskazini ni mwelekeo wake, ukihesabu kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Jaribu: tarehe 21 Juni, H ikiwa 0, lazima upate kimo cha digrii 63 na jua liwe upande wa kaskazini. Desemba 21, digrii 70 na jua liko kusini. Ukitumia ATAN ya kawaida hapa, nusu ya mwaka paneli zako zitatazama upande usio na jua.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo programu zilizoandikwa Ulaya hazikulifikiria. Karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba jua la Arusha na Moshi hupita utosini. Kaskazini na mashariki zote zinakaribia sifuri, na mwelekeo unaruka kutoka mashariki hadi magharibi kwa dakika chache. Mota ya kuzungusha mlingoti inaambiwa igeuke nusu duara ghafla, nayo inajaribu. Kwa eneo letu mimi napendekeza mhimili mmoja uliolala kutoka kaskazini hadi kusini, paneli zikiinama mashariki asubuhi na magharibi jioni. Pembe yake ni ATAN2(mashariki, juu), inakwenda taratibu kutwa nzima, na mota ni moja tu ya kutunza.

Napima maji ya mfongo kwa kizuizi cha V. PLC inasema maji ni mengi mara tatu ya yanayoonekana.

Mkato wako ni wa digrii 60, sivyo? Kanuni inataka tanjenti ya nusu ya pembe. Kwa mita za ujazo kwa sekunde, na h kwa mita, ni takribani

Q = 1.38 × TAN(θ/2) × h^2.5

Tanjenti ya 30 ni 0.577, ya 60 ni 1.732: mara tatu kamili. Ukigawanya pembe kwa 2 umepona. Kwa kimo cha sentimita 20 mkato wa digrii 60 hupitisha kama lita 14 kwa sekunde, na wa digrii 90 kama lita 25. h ipimwe kabla kidogo ya kizuizi, upande maji yanakotoka, mahali yalipotulia, siyo pale yanapoanguka.

Nina mawili ya kuongeza. h^2.5 iandike h*h*SQRT(h), ni nyepesi na haina utata. Na kwa kuwa pembe ya bati haibadiliki, TAN ihesabu mara moja wakati PLC inawaka, au andika jibu lake kama namba. Maji ya mlimani yanagombaniwa. Watu wanagawana zamu za mfongo kwa namba inayotoka kwenye kisanduku chako, kwa hiyo nenda na ndoo na saa ukahakikishe mbele yao.

TAN ya 90 inatoa nini? Shuleni tuliambiwa haipo.

Kihesabu haipo. PLC lakini haiwezi kuandika π/2 kamili kwa biti 32; inaandika namba iliyo jirani, kubwa kidogo. Jibu linakuja kama hasi milioni 22.9. Halina kosa lolote la kuonyesha, ila linaharibu kila kinachofuata. Kama pembe yako inaweza kukaribia 90, izuie mapema, au upange hesabu upya utumie SIN na COS.

Kwa kurekebisha cos φ, nitumie ACOS?

Unaweza: kVAr za kapasita = kW × (TAN(ACOS(cos ya sasa)) − TAN(ACOS(cos unayoitaka))). Mzigo wa kW 50 ukitoka 0.75 kwenda 0.95 unahitaji kVAr 27.7, na kVA zinashuka kutoka 66.7 hadi 52.6, jambo ambalo mteja mkubwa wa TANESCO anayelipia kVA ataliona kwenye bili. Binafsi siitumii ACOS hapa. Tanjenti hiyohiyo ni SQRT(1 − c²)/c, c ikiwa ndiyo cos φ. Hakuna pembe, hakuna radiani, na makosa yamepungua.

PLC yangu haina SIN kabisa. Nimekwama?

Hapana. Wazee wetu walifanya kazi na kitabu cha jedwali la tarakimu nne, na PLC inaweza kufanya vivyo hivyo. Weka sini za digrii 0 hadi 90 zikiwa zimezidishwa kwa 10,000, namba 91 tu. Sehemu nyingine ya duara inapatikana kwa kugeuza: sini ya 150 ni ya 30, sini ya 210 ni hasi ya 30. Kati ya digrii na digrii nyoosha mstari; kosa la mstari huo halifiki 0.00004.

Kama hata nafasi ya jedwali huna, kuna kanuni ya Bhaskara wa Kwanza, mwanahisabati wa India wa karne ya 7. Kwa x ya digrii 0 hadi 180:

sini = 4x(180 − x) / (40500 − x(180 − x))

Ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya peke yake, na kosa lake kubwa kabisa halifiki 0.002. Weka x ya 30, upate 0.5 kamili. Kwa namba kamili zidisha sehemu ya juu kwa 10,000 kwanza ndipo ugawanye, na utumie DINT (namba kamili ya biti 32), maana inafika milioni 324. Inanigusa kila nikiitumia, kwamba mtu aliyeandika kwa mkono miaka 1,400 iliyopita anamsaidia fundi wa pampu Moshi.

Enkoda yangu, sensa ya kuhesabu mizunguko, inahesabu siku nzima. Mbona sini inaanza kuruka ruka jioni?

Pembe imekuwa kubwa mno. REAL ina tarakimu 7. Ukizitumia upande wa kushoto wa nukta, upande wa kulia hakuna kilichobaki. Pembe ikifika radiani 200,000, hatua ndogo kabisa ambayo REAL inaweza kuiandika ni kama digrii 0.9, na sini yako inapanda ngazi kwa hatua hizo. Punguza mizunguko ungali kwenye hesabu za enkoda, ambazo ni namba kamili: chukua MOD (baki la kugawanya) ya hesabu kwa idadi ya palsi za mzunguko mmoja, kisha ndipo ugeuze kuwa radiani.

Maagizo haya hayaicheleweshi PLC?

Kidogo. SIN ni nzito kuliko kujumlisha, lakini kwa PLC ya leo utaiona tu ukiweka nyingi kwenye skani, yaani duru ya programu, inayozunguka mfululizo. Jua halihitaji kuhesabiwa zaidi ya mara moja kwa dakika. Tangi, mara moja kwa sekunde. Weka hesabu hizi kwenye taski ya muda maalumu, na leda ya usalama ibaki nyepesi.

Nitajuaje kwamba bloku niliyopewa na mwenzangu ni salama kutumia?

Fungua uisome, isiyofunguka usiifunge kwenye tangi la mtu. Angalia kama pembe inaingia kwa digrii au radiani, na kama urefu ni mita au milimita. Ingiza kimo sifuri, nusu na kimo cha juu, kisha robo, kwa sababu robo ndiyo inayofichua mstari ulionyooka. Ingiza kimo hasi na kimo kilichozidi tangi, uone kama NAN inatokea. CODESYS, programu ya kuandikia PLC, ina kiigizo (PLC ya bandia) unachoweza kukijaribia bila malipo kwenye kompyuta yako, kabla ya kugusa kiwanda. Ukimaliza hayo, tafuta mtu anayepokea kile kinachopimwa kila siku, umwombe kijiti chake.